Mlevi wa Chai

Mpaka leo, mtu akisema mbele yangu kwamba fulani ni mlevi, humwuliza swali moja tu: ulimnusa? Wengi hunitazama kwa mshangao, wakadhani mwalimu mstaafu amezeeka vibaya. Waache wadhani. Mimi niliishi Kitale ukuta kwa ukuta na mtu ambaye mtaa mzima ulimwita mlevi, kisha kijiji chake huko njia ya Naitiri nacho kikamwita mlevi, na katika miaka yote hiyo sikusikia harufu ya pombe kwake hata siku moja. Nilisikia harufu ya chai. Chai ya maziwa na tangawizi, iliyochemshwa mpaka ikakaribia kuwa uji.

Tulimwita Zimamoto, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Watoto wa mtaa walimwita Zimamoto, mama mboga alimwita Zimamoto, na mkewe, Mama Nekesa, alipotaka kumsifu au kumgombeza alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na mikono iliyozoea mpira wa maji hivi kwamba hata akikusalimu alikushika kama utateleza. Nyumba zetu ziligawana ukuta wa mbao nyembamba. Mtu akipiga chafya upande ule, upande huu unasema pole. Kama angekuwa anakunywa, ningejua kabla ya mkewe.

Na sikieni hili, maana ndilo linalonitia hasira zaidi. Miaka ya themanini ilipoanza, hakukuwa na mtu aliyeichukia pombe kama yeye. Alilelewa katika kanisa letu, kanisa ambalo pombe ni mwiko, na mwiko ule aliushika kwa mikono miwili. Kikosini kwao kulikuwa na dereva wa gari la maji, jirani yetu pia, mtu mcheshi aliyependa busaa, pombe yetu ya kienyeji, kuliko ugali. Zimamoto alimshtaki kwa mkubwa wao si mara moja. Alimwambia mbele ya kila mtu, "Wewe ukienda kuzima moto na hiyo pumzi yako, si utauongeza?" Tulicheka wiki nzima. Dereva naye alicheka, ingawa alisimamishwa kazi mwezi mzima.

Alikuwa na misemo yake. "Moto hauulizi wewe ni nani," alisema, na maana yake ilikuwa kwamba yeye pia hatauliza. Na mwingine aliupenda zaidi: "Maji kwanza, maswali baadaye." Mtoto akiunguza sufuria, maji kwanza, maswali baadaye. Mke na mume wakipigana mtaani, anaingia katikati, anawatenganisha, ndipo anauliza nani alianza. Nimeufikiria sana msemo huo, kwa sababu zamu yake ilipofika watu walianza na maswali, wakamaliza na hukumu, na maji hayakuletwa.

Zamu yake ilifika siku ghala la mahindi lilipowaka, kiangazi, mahindi yakiwa makavu. Bawabu alikuwa amenaswa ndani. Zimamoto aliingia, akamtoa mgongoni, na walipokuwa mlangoni boriti ya paa ikakatika ikamgonga kichwani. Kofia yake ya chuma ilibonyea. Yeye hakuanguka. Alimlaza bawabu chini, akasema anasikia kizunguzungu kidogo, akanywa chai, na kesho yake akaenda kazini. Hakutoka hata tone la damu, na hilo ndilo lililomponza. Angekatika mguu, watu wangemletea fimbo na kuku. Lakini aliumia mahali ambapo hapaonekani, na hapa kwetu kisichoonekana ama ni uongo, ama ni uchawi, ama ni pombe.

Kwanza yalipotea maneno. Akitaka kijiko anasema, "Nipe hiyo, hiyo ya kuzungusha." Siku moja alimwita mkewe "ndoo", akajikasirikia mwenyewe, akapiga meza. Wakati mwingine ulimi ulikuwa mzito, neno linatoka limekunjamana. Kisha miguu. Akichoka aliegemea kushoto, na njia ikiwa nyembamba mtu huyo mrefu alikuwa akienda upande upande mpaka ukuta umsaidie. Sasa fikiria mtaa wetu jioni, wanaume wakitoka kwenye vibanda vya busaa wakiyumba, na katikati yao anakuja Zimamoto akiyumba vile vile. Nani angetenganisha? Angetenganisha mwenye pua. Lakini watu walitumia macho tu.

Mvua ilikuwa mateso yake. Wageni husifu mvua ya Kitale kwa sababu inaotesha mahindi, lakini wao hawajalala chini ya mabati na kichwa kilichoumia. Ikianza kupiga paa, Zimamoto alishika masikio yake, akachukua gunia, akajifunika, akatoka kwenda kukaa nje kwenye jiwe karibu na mfereji. Nje mvua haina kelele kama ndani. Mimi nililijua hilo kwa sababu nilimwuliza, akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hapa inanyesha. Kule ndani inanipiga." Majirani wengine hawakuuliza. Walichungulia dirishani, wakamwona mtu mzima amekaa kwenye mvua na gunia kichwani, wakafunga pazia wakasema, amekunywa leo.

Sitamfanya malaika. Alikuwa na hasira mpya ambayo haikuwa yake. Alivunja redio ya dereva kwa sababu taarabu ilikuwa juu, kisha akakaa chini akalia. Alimfokea Mama Nekesa kwa chumvi, kwa mlango, kwa kikombe. Na papo hapo mtu huyo huyo alikuwa akiwalisha vifaranga unga wa mahindi kwenye kiganja, akiwanong'oneza, akitembea kwa ncha za vidole asiwashtue. Alivaa kofia pana ya ukindu mpaka ndani ya nyumba, kwa sababu mwanga ulimchoma. Aliweza kusahau kama amekula, lakini ungemwuliza mabomba ya maji ya mji yako wapi, angekutajia yote, na lipi lina kutu.

Kazini walimvumilia kidogo. Hao waajiri wake siwataji, wanajijua. Siku moja kulikuwa na wageni, gari la maji likasafishwa, kikosi kikapangwa mstari. Zimamoto akashuka garini, kizunguzungu kikamshika, mpira wa maji ukamponyoka, akaenda nao chini mbele ya wageni wote. Mkubwa wao akasema, "Asubuhi asubuhi hivi? Toka." Huo ukawa mwisho wa kazi yake. Kofia iliyobonyea waliiona, ilikuwa imetundikwa ukutani pale pale stoo. Hakuna hata mmoja aliyeinama kumnusa. Aliyemwinua alikuwa dereva.

Dereva huyu, niliyesema alishtakiwa na Zimamoto, alikuja kwetu jioni hiyo akiwa amelewa kweli, akasimama uani akahutubia mtaa. "Mimi mrevi ninamjua," alisema. "Mimi ndio mrevi hapa! Huyu si mrevi. Mrevi akianguka anaanguka raini. Huyu anaanguka kama mti, bana. Huyu ni mgonjwa!" Watu walikufa kwa kicheko. Mtu pekee aliyesema kweli siku ile alikuwa hawezi kusimama wima, basi kweli yenyewe nayo ikaonekana imelewa.

Wakahamia shambani kwao, njia ya Naitiri, ambako pia ni nyumbani kwangu. Nilihamishiwa shule ya huko miaka michache baadaye, kwa hiyo sikumpoteza. Nilidhani kijijini watamwonea huruma, kwa kuwa ni mtu wao. Lo! Kanisa ndilo lililomalizia.

Ilikuwa hivi. Alipata ugonjwa wa kucheka. Kicheko kilimjia chenyewe, bila furaha, kama kwikwi. Kikamjia kwenye mazishi ya mzee mmoja aliyeheshimiwa, wakati jeneza linashushwa. Zimamoto alijiziba mdomo na kofia, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka, na kicheko kikampenya hapo hapo. Jumapili iliyofuata alipokuwa akipeleka sadaka mbele, akayumba akaangukia meza. Wazee wa kanisa wakakaa. Wakaamua awekwe benchi la nyuma, lile la waliotengwa, asishiriki, asiombe mbele za watu, mpaka asimame mbele ya kanisa atubu ulevi. Ndio utaratibu wetu. Anayetubu kwa kinywa chake anarudishwa siku hiyo hiyo, nyimbo zinaimbwa, anakumbatiwa. Asiyetubu anakaa nyuma hata miaka ishirini.

Walipomwambia, aliwatazama kwa muda mrefu akitafuta maneno. Kisha akasema, "Nitubu nini? Nitubu chai?"

Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyowahi kusikia ndani ya kanisa lile. Wazee walilichukua kama dharau.

Mama Nekesa hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alimpeleka hospitali ya misheni Lugulu, akamweleza daktari kila kitu toka ile boriti. Daktari alimpima macho, akamtembeza kwenye mstari, akamsikiliza. Akamwambia mama kwa Kiswahili cha kawaida kwamba ubongo wa mumewe ulitikisika ndani ya fuvu, na kwamba dawa ya kununua hakuna. Alale vya kutosha. Ale vizuri. Atembee kila asubuhi. Apewe kazi ya mikono isiyo na kelele. Na asiachwe peke yake, maana upweke utamrudisha nyuma kuliko boriti yenyewe.

Mama Nekesa akarudi na maneno hayo kwa wazee wa kanisa. Nilikuwepo, niliomba kwenda naye. Mzee mkuu alisikiliza huku akichezea ufunguo wa kanisa, halafu akasema, "Mama, daktari anajua kichwa. Sisi tunajua roho." Nikauliza kama kuna aliyewahi kumwona na mrija mdomoni, kwenye chungu chochote cha busaa, kwa mtu yeyote. Akaniambia, "Mwalimu, mambo ya wazee waachie wazee." Mwenzake akaongeza, na nilimshukuru kwa ukweli wake, "Tukikubali huyu bila toba, kesho kila mlevi si atakuja na kichwa yake?" Basi hapo nikaelewa. Walikuwa wakilinda utaratibu, na Zimamoto alikuwa gharama ndogo.

Lakini nyumbani Mama Nekesa aliyageuza maneno ya daktari kuwa sheria. Alfajiri na mapema wawili hao walitembea kando ya mahindi, yeye mbele, mume nyuma ameshika ncha ya leso yake. Mchana usingizi, na ole wake mtoto atakayepiga kelele. Chakula mboga za murenda, saga na kunde, na samaki akipatikana. Mwaka wa tohara ulipofika, vijana wakipita na njuga na nyimbo toka boma hadi boma, alimpeleka mtoni, mbali na kelele, mpaka wapite. Hilo lilimuuma Zimamoto. Alizipenda nyimbo zile, na mwana wa dada yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakipita.

Na kazi ya mikono ilikuwa mahindi. Kwetu mahindi hutiwa guniani yakapigwa kwa fimbo, kelele tupu, au huitwa trekta lenye mashine. Yeye alipukuchua kwa vidole, gunzi kwa gunzi, punje zikianguka kwenye ngozi ya ng'ombe bila kishindo. Walimcheka kwa hilo pia, kwamba mwanaume mzima anapukuchua kama bibi kizee. Lakini Jumapili, wakati sisi wengine tuko kanisani tukiimba upendo, walianza kumjia watu. Wa kwanza alikuwa askari mstaafu wa jeshi aliyeanguka kutoka kwenye lori la kikosi, ambaye watu wa Sirisia walisema amerogwa. Wa pili polisi aliyepigwa jiwe kichwani sokoni Bungoma, mkewe akamkimbia kwa sababu ya hasira zake. Sijui walisikiaje habari zake. Walikaa kuzunguka ile ngozi, kila mmoja na gunzi lake, hawasemi sana. Mmoja akipotewa na neno, wengine walimngojea. Hawakumsaidia kulitafuta. Walimngojea tu mpaka lije.

Nilianza kukwepa ibada nusu nusu ili nikae nao. Siku moja askari alisema, "Mimi nilidhani ni mimi pekee yangu." Zimamoto akamjibu, "Hata mimi." Wakaendelea kupukuchua. Nimehubiriwa miaka mingi na sikumbuki mahubiri yaliyonituliza kama yale.

Na alipona, kiasi cha kupona. Maneno yalirudi, si yote. Hasira ikapungua, kicheko kikamwacha. Akiwa amelala vizuri alitembea wima, akichoka aliegemea kushoto kama zamani. Benchi la nyuma hakulikosa kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kofia magotini, macho yamefumbwa kwa ajili ya mwanga wa madirisha. Toba ya uongo hakutoa. Dereva, aliyestaafu akahamia kwa shemeji yake jirani, alimshauri mara nyingi: "Si useme tu, mzee? Neno moja, unarudi mbele." Zimamoto akasema, "Mimi sijawahi kunywa. Wakitaka niseme, wanipe kwanza ninywe." Huo ndio uliokuwa msimamo wake, na hakuna aliyeweza kuuvunja.

Mpaka Nekesa alipopata mchumba. Binti yake wa pekee, mwalimu kama mimi, nilimfundisha kusoma. Kijana alitoka Sirisia, familia ya watu wa kanisa. Mahari ikazungumzwa, siku ikapangwa, miaka ya tisini imefika katikati. Wazee wa kanisa wakaita familia, wakasema arusi itafungwa, lakini baba aliyetengwa hawezi kumleta binti mbele wala kujibu atakapoulizwa nani anamtoa bibi arusi. Mjomba wake atafanya hivyo. Nekesa alisimama akasema, "Basi mimi nitaolewa kwa ofisi ya DC. Kanisa mkae nalo." Mamake akamwunga mkono. Mimi nilitaka kupiga makofi. Upande wa Sirisia ukaanza kunung'unika kwamba hawamwozi kijana wao kwa mihuri ya serikali.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, alisimama kutoka benchi la nyuma. Alitembea mpaka mbele, polepole, akishika ncha za mabenchi. Akageuka akatutazama, mwanga wa dirisha ukimpiga usoni. Alifungua mdomo, neno halikuja. Akafungua tena. Watu wakadhani ni aibu inamzuia. Mimi nilijua ni ile boriti.

"Nilikunywa," akasema. "Nili... nilikunywa. Nisameheni."

Kanisa likalipuka kwa wimbo. Mzee mkuu alilia machozi ya kweli, akamkumbatia, akasema mbinguni kuna shangwe. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Nekesa alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili na hakuinuka, wala mimi sikuinuka. Kutoka dirishani, alikokuwa amesimama nje, nilisikia sauti ya dereva: "Bana, huyu mzee anadanganya Mungu!" Wakamfukuza, wakisema mlevi anavuruga ibada.

Siku ya arusi Zimamoto alimleta binti yake. Hakuwa amelala usiku kucha, wageni walikuwa wengi na ngoma nazo. Katikati ya kanisa akaegemea kushoto, Nekesa akamshika kiwiko vizuri, wakaenda mbele hivyo hivyo, wote wawili wameinama kidogo. Aliulizwa nani anamtoa, akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Na nyuma yangu, Mungu ni shahidi, mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Ona, ametubu juzi tu na leo ameanza tena."

Niligeuka. Yaliyonitoka siyaandiki hapa.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Nilikuwa napita, nikamkuta peke yake uani na ile ngozi ya ng'ombe, kofia kichwani, vidole vikienda. Nikachukua gunzi, nikakaa. Nilikuwa nimelibeba swali kwa mwaka mzima na likanitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. Nikamwuliza kwa nini aliwapa ule uongo, baada ya kuwanyima miaka yote ile. Nikamwambia wamelibeba jina lake wakalizika, na yeye ndiye aliyewapa jembe.

Alifikiri. Nilimngojea, kama walivyokuwa wakingojeana.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeingia kwa moto nikitoa watu sijui hata majina yao. Huyu ni mtoto wangu."

Tukapukuchua. Mama Nekesa akatoka jikoni na birika na vikombe viwili vya bati, akaviweka chini kati yetu, harufu ya tangawizi ikapanda. Zimamoto akamimina cha kwanza, akanipa. Kisha akainua chake, akakitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaona tabasamu lake la siku za Kitale, kabla ya boriti.

"Kunywa, Mwalimu," akasema. "Ndiyo hii niliyotubu."